Waandaaji wa hija, wapeni mahujaji siku moja Wadi Natrun

BARUA YA WAZI

Kwa kampuni za safari, parokia, dayosisi na huduma zote zinazoandaa hija za Misri na Nchi Takatifu kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Mwanza, Kampala na kwingineko Afrika Mashariki.

Ndugu waandaaji,

Makundi ya Wakristo kutoka Afrika Mashariki yanayopita Misri yana njia yake iliyokwisha kuzoeleka. Asubuhi ni Piramidi za Giza. Mchana ni Cairo ya Kale: Kanisa Lililoning'inia, kisha Abu Serga, kanisa lenye pango ambamo mapokeo ya Wakopti yanasema Familia Takatifu ilijihifadhi. Jioni ni duka la mafunjo na duka la manukato. Baada ya hapo basi huelekea Sinai, mwendo wa saa nyingi, ili watu wapande mlima usiku na kuiona monasteri ya Mtakatifu Katerina iliyojengwa katika karne ya sita kwa amri ya Kaisari Justiniani.

Upande wa pili wa jiji, kilomita 100 hivi kwa barabara ya jangwani iendayo Aleksandria, ziko monasteri nne za Kikopti ambazo wamonaki wake wanasali leo mahali walipoanza kusali wenzao wa karne ya nne. Mahali hapo panaitwa Wadi Natrun. Mtu huondoka Cairo baada ya kifungua kinywa na kurudi kabla ya chakula cha usiku. Hata hivyo, ratiba nyingi zinazotangazwa makanisani hazipataji.

Barua hii inaomba jambo moja: siku moja kamili ya Wadi Natrun katika kila hija inayolala Cairo, pamoja na mtu wa kuwaeleza mahujaji kile wanachokiona.

Bonde lenyewe liko chini ya usawa wa bahari, na katikati yake kuna mlolongo wa maziwa ya chumvi. Chumvi hiyo ni ya jamii ya magadi, ndugu wa magadi ambayo mpishi wa makande hutia chunguni ili mahindi na maharage yalainike upesi. Wamisri wa kale waliichota kukaushia maiti za wafalme wao. Mapokeo yanasema Makari, kijana aliyeendesha ngamia, aliifahamu njia ya kwenda bondeni kwa sababu alisafirisha mzigo huohuo. Mnamo mwaka 330 alirudi bila ngamia na bila mzigo, akatafuta mahali pa kukaa peke yake na Mungu. Alimwendea Antoni Mkuu, mzee wa jangwani, akajifunza kwake, kisha akarudi bondeni. Watu wakamfuata. Karne hiyo ilipokuwa ikielekea ukingoni, jangwa lile lilikuwa na maelfu ya wamonaki.

Maisha yao yanaelezeka kwa maneno ambayo msafiri kutoka Pemba au Lamu atayatambua mara moja. Kila mmoja alikaa katika chumba chake, akasuka makuti ya mtende kuwa ukili, kamba na vikapu, huku akiomba kwa sauti ya chini. Vikapu viliuzwa, fedha ikanunua mkate, na kilichobaki kikapewa maskini. Jumamosi na Jumapili walikusanyika kanisani, wakasali na kula pamoja, kisha kila mtu akarudi chumbani kwake.

Waandaaji wengi watauliza: hayo yanamhusu vipi muumini wa Songea, Kisumu au Bukoba? Yanamhusu sana, na hapo ndipo uzito wa ombi hili ulipo.

Mwishoni mwa karne ya nne, vijana wawili, Yohane Kasiano na rafiki yake Germano, walifika bondeni wakakaa miaka kadhaa wakiwauliza wazee maswali. Baadaye Kasiano alikwenda Marseille, kusini mwa Ufaransa, akaanzisha monasteri na kuyaandika mazungumzo yale ya jangwani kwa Kilatini. Katika karne ya sita Benedikto wa Nursia, alipoandika Kanuni yake, aliwaelekeza wamonaki wake wasome maandishi ya Kasiano. Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien, wanaoishi kwa Kanuni hiyohiyo, ndio walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Mtu aliyetibiwa katika hospitali ya Ndanda, aliyejifunza ufundi Peramiho, au aliyesali kwa kitabu kilichotoka katika mitambo yao ya uchapaji, amekula tunda la mti ambao mzizi wake mmoja uko Wadi Natrun.

Njia ya Walutheri na Waanglikana ni nyingine, lakini nayo inapita jangwani. Mwaka 386, mjini Milano, Augustino alitembelewa na Mwafrika mwenzake aliyemhadithia maisha ya Antoni wa Misri. Habari hiyo ilimchoma moyo. Anaieleza mwenyewe katika Maungamo yake kuwa sehemu ya kuongoka kwake. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye, kijana Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa shirika lililobeba jina la Augustino mjini Erfurt. Mchungaji wa dayosisi ya Kilutheri anayewaleta waumini wake Wadi Natrun anawaleta kwa jamaa zao wa mbali.

Hii ndiyo sababu ya kutokubali upesi jibu la "hao si wa kwetu". Ni kweli kwamba Wakopti walitengana na Roma na Konstantinopoli baada ya Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, na mpaka leo ni kanisa linalojitegemea chini ya Papa wa Aleksandria. Lakini Makari, Kasiano, na wamonaki wengine wa bondeni kama Bishoy na Musa Mweusi walimaliza safari yao kabla ya utengano huo. Wakati wao hakukuwa na Mkatoliki, Mprotestanti wala Mkopti kwa maana ya leo.

Musa Mweusi anastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ni vigumu kumpata mtakatifu wa kale anayezungumza na Mwafrika kwa ukaribu zaidi yake. Vyanzo vya kale vinamwita Mwethiopia, jina ambalo nyakati zile lilitumika kwa watu weusi wa kusini mwa Misri. Alikuwa mtumwa, akafukuzwa na bwana wake kwa wizi, akawa kiongozi wa genge la majambazi. Alifika jangwani, akaongoka, akapambana na tabia yake ya zamani miaka mingi, na mwishowe akapewa upadri.

Inasimuliwa kwamba siku moja ndugu mmoja alikosa, na wazee wakaitisha baraza la kumhukumu. Musa alikataa kwenda mpaka alipoitwa tena. Alitokea akiwa amebeba chombo kinachovuja, na nyuma yake mchirizi umechora njia nzima mchangani. Walipomuuliza maana yake, akasema kwamba dhambi zake mwenyewe zinamwagika nyuma yake asikoona, naye anaitwa kumhukumu mwenzake. Baraza likamsamehe yule ndugu. Mwanzoni mwa karne ya tano wavamizi waliposhambulia bonde, Musa alikataa kupigana na alikataa kukimbia, akauawa pamoja na wachache waliobaki naye. Masalia yake yamehifadhiwa katika monasteri ya Baramus, na watu hufika mpaka leo kuomba mbele yake.

Vijana wangapi wa vikundi vya uinjilisti wa magerezani wamewahi kusikia habari za mtu huyu? Kiongozi wa hija anayemsimulia Musa ndani ya basi, saa moja kabla ya kufika, amewapa abiria wake sababu ya kusafiri.

Sasa, siku yenyewe iweje?

Kosa la kwanza la safari za namna hii ni kutaka kuona vyote. Monasteri za bondeni ni nne: Abu Maqar, yaani ya Makari; Anba Bishoy; Suryan; na Baramus. Kundi linaloshuka garini mara nne na kupiga picha mara nne hurudi Cairo likiwa limechanganya kuta zote kuwa ukuta mmoja. Siku moja inatosha monasteri mbili, au tatu kwa kundi dogo lenye miguu myepesi. Anba Bishoy na Suryan ni majirani, na umbali kati yao unatembeleka kwa miguu. Kuanzia hapo ndiko bora.

Anba Bishoy inamfundisha mgeni jinsi monasteri hizi zilivyonusurika. Kuta zake ni ndefu na nene, na ndani kuna mnara wa kujihifadhi wenye mlango wa ghorofani unaofikiwa kwa daraja la mbao. Wavamizi walipokuja, wamonaki waliingia mnarani, wakavuta daraja, wakakaa na maji, chakula na kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli juu kabisa. Karibu na hapo kuna kisima kinachoitwa cha Mashahidi: mapokeo yanasema wavamizi waliosha panga zao humo baada ya kuwaua wazee 49 mnamo mwaka 444.

Lakini Anba Bishoy pia ina historia ya juzi. Septemba 1981 Rais Anwar Sadat alifuta amri iliyomtambua Papa Shenouda wa Tatu, na kiongozi huyo akazuiliwa katika monasteri hii hadi Januari 1985. Alipofariki Machi 2012 alizikwa hapohapo, na kaburi lake huvuta watu wengi. Mrithi wake, Papa Tawadros wa Pili, naye alianzia utawa wake katika monasteri hiyo. Mgeni akisimama kaburini na kuelezwa haya, ataelewa kwamba yuko katika kanisa linaloishi, linalopita katika majaribu na kuchagua viongozi wake kutoka jangwani.

Jirani yake, Suryan, inahitaji muda mrefu zaidi. Kwa karne kadhaa wamonaki kutoka Syria na Mesopotamia waliishi humo pamoja na Wakopti, na jina lake linatokana nao. Mwaka 927 abati wake, Musa wa Nisibis, alisafiri hadi Baghdad kumwomba khalifa awaondolee wamonaki kodi. Alirudi mwaka 932 na jibu jema, pamoja na hati 250 zilizoandikwa kwa mkono. Hewa kavu ya bonde ikazitunza. Kitabu kimoja kutoka katika hazina ya monasteri hii, kilichonakiliwa Edessa mwaka 411, ndicho kitabu cha Kisiria chenye tarehe kilicho kikongwe kuliko vyote vinavyojulikana. Leo kiko London, katika Maktaba ya Uingereza, kwa kuwa wakusanyaji wa Ulaya walichukua mamia ya hati kutoka hapo katika karne ya 19.

Abati huyohuyo ndiye aliyeweka mlango wa madhabahu ambao watu huuita Mlango wa Unabii, wa mwaka 913 au 914. Ni mlango mrefu wa mbao nyeusi zilizopambwa kwa pembe za ndovu, wenye safu saba za vibao. Safu ya juu ina sura za Kristo, Bikira Maria na watakatifu. Za chini zina misalaba na nakshi. Wamonaki huufafanua safu kwa safu kuwa nyakati za Kanisa tangu mwanzo hadi mwisho wa dunia. Bila mtu wa kuusoma, ni mlango mzuri tu. Ukisomwa, ni mahubiri kamili.

Kanisa lenye mlango huo lina habari nyingine ya kustaajabisha. Mwaka 1988 moto uliharibu sehemu ya lipu yake. Lipu hiyo ilipoondolewa ilionekana picha ya Malaika akimpasha habari Maria, kukiwa na manabii Musa, Isaya, Ezekieli na Danieli. Tangu hapo wataalamu wamefanya kazi ya miaka mingi, wakifunua tabaka baada ya tabaka za michoro iliyofunikwa kwa karne nyingi. Nje, uani, kuna mkwaju mkubwa. Mapokeo yanasema ulichipua kutoka katika fimbo ya Efrem wa Syria, aliyefika katika nyumba hii kama mgeni. Mtoto wa Pwani aliyekulia chini ya mkwaju hatahitaji kuambiwa ni mti gani.

Abu Maqar ni ya kundi lenye muda na kibali. Mwaka 1969 mmonaki Matta el-Meskeen alihamia humo na wenzake 12, wakakuta wazee sita katika majengo yaliyochakaa. Walijenga upya, wakaligeuza jangwa kuwa mashamba, na leo monasteri hiyo ina wamonaki zaidi ya 100. Kwa makanisa ya Afrika Mashariki yanayotafuta namna ya kujitegemea, saa mbili za kuona sala na kilimo vikienda pamoja zina faida.

Baada ya hayo, waandaaji wanaombwa kuzingatia mambo manne.

La kwanza ni kalenda. Wakopti hufunga zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Mfungo wa kabla ya Krismasi huanza tarehe 25 Novemba, na Kwaresima yao ina siku 55. Nyakati hizo baadhi ya monasteri hupunguza au husimamisha wageni. Pasaka yao pia mara nyingi huangukia tarehe tofauti na ya makanisa mengi ya Afrika Mashariki, hivyo kundi linalosafiri wiki ya baada ya Pasaka yake laweza kuwakuta wamonaki wangali katika mfungo. Simu moja ya mwandaaji wa Cairo kwenda monasteri, kabla ya tiketi kukatwa, inaondoa usumbufu wote huu. Ijumaa na siku za sikukuu nazo zifikiriwe, maana familia za Wakopti hufurika kwa mabasi.

La pili ni lugha. Mwongoza watalii wa Cairo ana leseni na elimu yake, na ndani ya kuta mmonaki huchukua nafasi, akiongea Kiarabu au Kiingereza. Bibi wa Jumuiya Ndogondogo aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya hija hii anastahili kusikia kwa Kiswahili. Cairo haikosi watu wa kumsaidia. Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, Al-Azhar inafundisha lugha hii, na jijini wapo wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanaokijua Kiarabu vizuri. Mkalimani mmoja, akilipwa haki yake na kukaa kando ya mwongoza watalii, atabadilisha siku nzima. Akiwa Mwislamu, ni vema vilevile. Abati wa Suryan aliyekwenda Baghdad kuomba hisani ya khalifa alijua kwamba majirani wa imani mbili husaidiana.

La tatu ni maandalizi ya nyumbani. Kikao kimoja kabla ya safari kinatosha kueleza Makari, Musa na Kasiano ni nani. Kwamba mabega na magoti hufunikwa. Kwamba viatu huvuliwa kabla ya kukaribia madhabahu, na nyuma ya pazia lake mtalii haingii. Kwamba picha hupigwa kwa ruhusa na bila mwanga wa kamera juu ya michoro. Wanawake wanapokewa bila shida. Wale ambao makanisa yao hayana desturi ya ikoni na masalia waambiwe mapema kwamba watawaona watu wakibusu picha na kugusa majeneza ya watakatifu. Hakuna atakayewalazimisha kufanya hivyo, na heshima ya kusimama kimya inatosha.

La nne ni muda wa kukaa. Katika kila monasteri liachwe angalau nusu saa isiyo na maelezo wala picha, kila hujaji akae anapotaka ndani ya kanisa. Wamonaki wanaamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya sala, na sehemu kubwa ya kazi yao haionekani. Kundi likimwomba mmonaki awaimbie utenzi mfupi wa Kikopti, lugha iliyotokana na ile ya Mafarao, huenda akakubali. Kundi nalo liimbe wimbo wake kwa Kiswahili. Mara nyingi wageni hupewa chai au mkate mdogo wa mviringo wenye mhuri wa msalaba. Hakuna kiingilio, ila sanduku la sadaka lipo, na mwandaaji mwema huliweka katika bajeti yake tangu mwanzo badala ya kulikumbuka mlangoni.

Gharama haizuii. Basi limekwisha kukodiwa, mwongoza watalii amekwisha kulipwa, na siku ya ununuzi inaweza kupunguzwa iwe nusu. Uchovu hauzuii: safari hii ni fupi kuliko ya Sinai kwa mbali, na kwa wazee wasioweza kupanda Mlima wa Musa usiku, Wadi Natrun ni jangwa la watakatifu linalofikika kwa wenye magoti mabovu. Na kwa wale wanaotaka kuendelea na uhusiano huu wakirudi nyumbani, Wakopti wako jirani pia. Nairobi, katika barabara ya Ngong, kanisa lao linaendesha hospitali inayowahudumia watu wa kila imani.

Ratiba za msimu ujao zinaandaliwa sasa. Kila kampuni na kila ofisi ya parokia inaombwa kufuta saa za duka la mafunjo kwa siku moja, kuandika mahali pake maneno "Wadi Natrun: Anba Bishoy na Suryan", kupiga simu monasteri kuthibitisha tarehe, na kumtafuta mkalimani wa Kiswahili mapema. Makundi yatakayofanya hivyo yaandike yalichokiona katika magazeti ya makanisa yao, ili wengine wajue namna ya kufika.

Wenu katika safari,
Msomaji na msafiri wa Afrika Mashariki